Jinsi Jina la Dawson Lilivyotufikia

Base Camp, Nakivale,
Wilaya ya Isingiro, Uganda.
21 Septemba 2025

Mpendwa mwanangu Olga,

Bwana asifiwe. Nakusalimu wewe, mume wako, na mjukuu wangu Constance, ambaye kwenye picha ya mwisho nimeona ana miguu mirefu kama ya kaka yangu, marehemu baba yako. Mnaendeleaje huko Australia? Baridi imepungua? Uliniambia mgongo unakuuma kwa sababu ya kuwainua wazee unaowatunza kazini. Umepata nafuu? Usimwinue mtu peke yako, mwanangu. Ngoja mwenzako afike, hata kama huyo mzee ana haraka.

Sisi hapa tunaendelea vizuri. Mvua imeanza na mahindi ya majirani yamechipuka. Ya kwetu bado, maana tulichelewa kupanda, na ukisoma utaona kilichotuchelewesha. Bibi yako Cansilde goti linamsumbua asubuhi, likipata jua linatulia. Anakula vizuri na masikio bado ni mazima kabisa, hasa kwa mambo asiyotakiwa kuyasikia. Anakuombea kila siku, na jina lako analitaja kabla ya langu. Nimezoea.

Barua hii inaletwa na Cyiza, jirani yetu, ambaye yeye na watoto wake wamepata safari ya kuja huko kwenu. Najua umenisubiri sana kwenye WhatsApp. Nilijaribu kukurekodia sauti, mtandao ukawa unakatika, nikarudia, ukakatika tena. Bibi yako akasema mambo ya wafu hayasemwi kwa simu ya kukatika-katika. Kwa hiyo nimekaa chini na kalamu kama zamani.

Uliniuliza hili jina la Dawson tulilipata wapi. Ulinieleza habari za yule bibi wa Kizungu unayemhudumia, naye anaitwa Dawson, jinsi alivyosoma jina lako kwenye beji ya kifuani akacheka na kuuliza kama ninyi ni ndugu. Kumbe anatafuta Dawson wote wa dunia, wa Uingereza, wa Canada, na wa huko, ajue walitawanyikaje. Ukasema ulikosa jibu na uliona aibu. Halafu mwishoni ukaandika neno lililonichoma: kwamba kama ni jina la bwana mkubwa fulani aliyemvisha babu yetu kama shati kuukuu, hutaki Constance alibebe. Utalitoa kabla hajaanza shule, umpe jina la ukoo wetu.

Sikukukasirikia. Shida ni kwamba nilijiuliza huo ukoo wetu ni upi, nikakuta sijui. Kule kwetu Lemera, Congo, watoto wenzetu walikuwa wanataja koo zao. Sisi tulipomuuliza baba, alikuwa anacheka tu, anasema, “Sisi ni ba Dawson,” kisha anachukua jembe lake anaondoka. Hata hapa Nakivale, siku ya kuhojiwa kuhusu ukimbizi wetu, yule ofisa aliniuliza Dawson ni kabila gani. Nikamjibu ni jina la baba yangu. Akaniangalia kama mtu niliyemficha kitu, nami sikuwa na kitu cha kuficha.

Basi sikiliza yaliyotokea.

Unajua kwamba nanunua vitenge Mbarara na kuviuza hapa sokoni, karibu na mgahawa wa Wasomali. Duka ninalonunua ni la binti mmoja Mwislamu, Ruqayah, mpole, asiyekuficha kitambaa kikiwa na kasoro. Siku zote nilikuwa namlipa mkononi. Mwezi wa saba watu walikuwa wanaporwa njiani, nikaogopa kutembea na pesa, nikamtumia kwa simu. Alipofungua ujumbe aone kama imefika, akasoma, akaniangalia, akasoma tena.

“Mama Nabintu,” akasema, “hii jina Dawusoni ni ya bwana yako?”

“Hapana, ni ya baba yangu.”

“Baba yako alikuwa Munyankore?”

“Mkongomani, binti yangu. Wa upande wa Uvira.”

“Banange!” Akakaa juu ya robota la vitenge. “Jajja yangu anaitwa Kulusum Dawusoni. Kaka yake alipotelea Congo, tangu zamani ile. Na mimi katika Mbarara hii yote sijaona Dawusoni mwingine nje ya nyumba yetu.”

Hakuniacha hata nifunge mzigo wangu. Alishusha mlango wa duka, akaita boda boda mbili, tukaenda Kakiika anakoishi huyo jajja, yaani bibi yake, pamoja na mwanawe Sowedi, mjomba wa Ruqayah, mfugaji wa ng'ombe. Ni nyumba ya matofali katikati ya migomba, na ua umefagiliwa vizuri. Bibi Kulusum tulimkuta amekaa kwenye mkeka barazani, mwembamba, mgongo umenyooka kama wa msichana, tasbihi mkononi. Ruqayah alimwinamia sikioni akamweleza. Sikusikia alichosema, niliona tu tasbihi ikisimama.

Akaniambia nikae karibu. Alinieleza habari yote kwa Kiswahili chao cha Mbarara, taratibu, bila kulia.

Baba yake aliitwa Isma. Zamani, Wazungu walipokuwa wanatengeneza barabara za huku, kulikuwa na mkandarasi Mwingereza anayeitwa Dawson, na Isma alikuwa mpishi wake. Katika kambi ile ya barabara kulikuwa na Isma wawili. Ili watu wasiwachanganye walisema Isma wa fundi seremala na Isma wa Dawson. Barabara ikaisha, Mzungu akaenda zake, na hakuna aliyejua alikokwenda. Jina likabaki. Lile “wa” likapotea mdomoni mwa watu, mzee akawa Isma Dawson, na watoto wake wakaandikwa hivyo hivyo. Mkubwa alikuwa Ridhiwan, na baada yake Kulusum.

Ridhiwan alipopata nguvu akawa tanboi, yaani utingo, kwenye lori la mfanyabiashara mmoja wa Mbarara, wakipeleka chumvi na nguo mpaka Bukavu na Uvira. Mara ya mwisho kuondoka, Kulusum alikuwa ameshaposwa. Kaka yake alimwahidi kwamba atarudi kabla ya arusi. Hakurudi. Congo ilikuwa inawaka vita, ile ya mwaka wa sitini na nne. Mama yao akazuia arusi isifanyike, wakasubiri mwaka mzima mpaka upande wa bwana arusi wakataka kuvunja. Na jambo lililonigusa zaidi, mwanangu, ni kwamba mama yule alikataza kabisa mwanawe asisomewe dua ya marehemu. Alisema hawezi kumsomea mtu ambaye hajaonyeshwa kaburi lake. Alikufa akiwa kwenye msimamo huo, na Kulusum akaushika mpaka leo.

“Sijui kama nimuombee kama mzima au kama maiti,” aliniambia. “Nikiinua mikono, nasimama hapo katikati.”

Olga, hapo nilianza kuunganisha mambo. Babu yako naye alikuwa tanboi. Alikuwa anatuhadithia habari za malori mpaka tunasinzia. Aliitwa Yakobo Dawson, lakini Yakobo ni jina alilobatiziwa Lemera akiwa kijana, sasa kwa nini kabla ya hapo asingekuwa Ridhiwan? Nikakumbuka jambo lingine. Nikamwambia Bibi Kulusum kwamba asubuhi baba alikuwa anatusalimia kwa neno ambalo hatukujua ni la lugha gani. Alikuwa anasema, “Agandi,” nasi watoto tunaitikia, “Ni marungi.” Nilikuja kulisikia tena hapa Uganda nikiwa mkubwa, Wanyankore wanasalimiana hivyo.

Hapo ndipo alipolia. Alinishika uso kwa mikono miwili, akautazama kama mtu anayetafuta sindano. “Ridhiwan alizaa,” akasema. “Ridhiwan alizaa!” Akaniuliza baba alikufa lini, nikamwambia kwamba alifia kwetu Lemera kwa amani, kitandani, kabla hatujakimbia. Akauliza kama mama yangu yupo. Nikasema yupo, niko naye Nakivale.

“Basi nina wifi,” akasema, na kuanzia hapo hakuacha kulirudia neno hilo. Sowedi alikuja kutoka kwenye ng'ombe, akanipa mkono, akaniita dada. Waliniletea maziwa na matoke. Nilirudi Nakivale kwenye gari nikiwa natabasamu peke yangu, mpaka abiria mwenzangu akaniuliza kama nimepata safari ya Amerika.

Bibi yako nilimkuta anachambua maharage kwenye ungo. Nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia, “Mama, tumepata ndugu za baba! Dada yake yuko hai!”

Hakushangilia. Aliendelea kuchambua.

“Anaitwa nani?” akauliza.

“Kulusum.”

Mkono wake ukasimama juu ya ungo. Kisha akasema polepole, kwa Kiswahili cha kwetu Congo, “Njo ile jina. Alikuwa anaita ile jina siku ya mwisho.”

Nilifikiri anamsema baba. Nikamwambia kwamba baba alipokufa mimi nilikuwepo na hakuita jina la mtu.

“Si baba yako,” akasema. “Nabintu, kaa chini. Ule Ridhiwan njo alikuwa Dawson wa kwanza. Baba yako alikuwa wa pili.”

Nitakuandikia kama alivyonieleza, ila lugha nitainyoosha kidogo, maana alikuwa analia na maneno yalikuwa yanagongana.

Babu yako hakujua mama yake. Hakujua alizaliwa wapi. Alijikuta tu ni mtoto wa kituo cha malori Bukavu, anaosha magari na kulala chini yake. Kwa sababu ya udogo wa mwili watu walimwita Petiti, na hakuwa na jina lingine lolote. Ridhiwan ndiye aliyemchukua. Alimwomba dereva wake amkubali yule kijana kwenye lori, akala naye sahani moja, akamfundisha kufunga turubai na kuhesabu magunia, akamfundisha na salamu za kwao. Na walipofika kwenye vizuizi vya barabarani, askari wakiuliza huyu ni nani, Ridhiwan alikuwa anajibu, “Ni mdogo wangu. Dawson huyo.” Bibi yako anasema mara ya kwanza kusikia hivyo Petiti alitazama nyuma aone ni nani anayesemwa.

Vita ilipowafikia katika bonde la Ruzizi, lori lilichukuliwa na dereva akakimbia. Ridhiwan alikuwa amepigwa risasi ya paja. Petiti, pamoja na udogo wake, alimbeba mgongoni akapanda naye milima mpaka Lemera. Hapo nyumba ya kwanza waliyobisha hodi ilikuwa ya wazazi wa bibi yako. Yeye Cansilde alikuwa msichana. Yeye ndiye aliyekuwa anachemsha maji na kuosha kidonda. Kidonda kikaoza. Hospitali ilikuwa imefungwa kwa ajili ya vita na hapakuwa na dawa.

Siku ya mwisho Ridhiwan alisema mambo mawili. La kwanza, azikwe kama Mwislamu, ubavuni, uso ukielekea Makka. Petiti hakujua Makka iko upande gani na nyumba nzima ya bibi yako, Waprotestanti wote, hakuna aliyejua. Ridhiwan akaomba atolewe nje. Akalitazama jua, akafikiri, akanyoosha mkono, akasema, “Kule.” Baba ya bibi yako akachomeka kijiti mahali pale ili wasisahau. La pili, alimwomba Petiti amfikishie ujumbe dada yake Kulusum, Mbarara, kwamba asimngoje kwa arusi.

Petiti alimwosha mwenyewe. Walimfunika kwa kitenge kipya cha mama ya bibi yako, wakamzika juu ya kilima, nyuma ya shamba la mihogo, wakifuata kile kijiti. Baada ya hapo Petiti hakuhama tena Lemera. Siku ya kubatizwa, mchungaji alimuuliza jina la baba yake. Akasema, “Dawson.” Hakuna aliyempinga. Nilikuwa najua kwamba baba analipalilia kaburi fulani pale kilimani, lakini nilifikiri ni la mtu wa kwao mama. Ule ujumbe alijaribu kuupeleka. Alifika mpaka kwenye mpaka wa Uganda wakati mambo ya Uganda nayo yameharibika, akarudishwa. Hakurudia tena, alikuwa ameshapata mke na watoto.

“Kwa nini hamkutuambia?” nilimuuliza.

“Aliogopa batu batasema munabeba jina ya kuiba,” akasema bibi yako. “Yeye hakuiba. Alipewa. Lakini nani angeshuhudia? Mwenye kumupa alikuwa chini ya udongo.”

Nakwambia ukweli, mwanangu, nilitaka tunyamaze. Nilimsihi bibi yako. Nikamwambia, yule mama ana furaha, ana mtoto wa kaka yake sasa, ana wifi. Tukimwambia tutamwua kaka yake kwa mkono wetu, na sisi wenyewe tutabaki tena bila mtu. Miaka yote hii Nakivale sijawahi kuitwa shangazi ya mtu wa hapa au dada ya mtu wa hapa. Siku moja tu nimeonja, na ilikuwa tamu.

Bibi yako alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Ule mama anasimama katikati, wewe mwenyewe umeniambia. Unataka tumuache pale?”

Tukaenda. Nilipompigia Ruqayah, Sowedi alikuja mwenyewe kutuchukua na pikapu. Njia nzima alikuwa anamwonyesha bibi yako mashamba na ng'ombe, akimwita mama, na bibi yako anaitikia kwa sauti ndogo. Kakiika tulikuta wamepika pilau. Bibi Kulusum alikuwa amesimama mlangoni, amevaa vizuri, amejipaka hina. Alipomwona bibi yako akashuka ngazi bila fimbo.

“Wifi yangu!” akasema. “Wifi, karibu nyumbani!”

Wakakumbatiana. Bibi yako hakuweza kula. Alikaa kwenye mkeka, akavua kitambaa cha kichwa akakikunja mapajani, kama anavyofanya kanisani akitaka kushuhudia jambo zito. Akasema, “Mama Kulusum, usiniite tena wifi mpaka nimalize kusema. Mi si muke ya kaka yako. Mi ni muke ya ule alimuzika.”

Alisema yote. Mimi nilikuwa namsaidia pale ambapo Kiswahili cha Congo na cha Mbarara havikuelewana. Bibi Kulusum hakumkatiza hata mara moja. Alipofika kwenye ule ujumbe wa arusi, bibi yako alinyoosha mgongo, akasema kama mtu anayekabidhi kitu cha mwenyewe: “Alisema, Kulusum asiningojee kwa arusi.”

Bibi Kulusum akacheka, Olga. Alicheka kidogo hivi, machozi yakimtoka. “Nilimngoja,” akasema. “Mwaka mzima. Bwana yangu alinuna mpaka anaenda kaburini.”

Sowedi alikuwa amesimama karibu na nguzo, amekunja mikono. Uso wake ulikuwa umefunga. Akasema, si kwa ubaya, “Mama, basi hawa si damu yetu.”

Bibi Kulusum alimgeukia bibi yako. “Nani alimuosha?”

“Bwana yangu. Na baba yangu alimushika kichwa.”

“Maji yalikuwa baridi?”

“Niliyapasha moto mi mwenyewe.”

“Nani alipalilia pale juu yake, miaka yote?”

“Bwana yangu, mpaka alipokufa. Kisha mi na batoto, mpaka siku ya kukimbia. Sasa sijui kama kuna mutu.”

Hapo Bibi Kulusum akamtazama mwanawe. “Sowedi,” akasema, “umesikia? Siku hiyo sisi wenye damu tulikuwa wapi?”

Sowedi akainamisha kichwa. Mama yake akapiga mkeka kwa kiganja, pale pembeni yake. “Wifi,” akasema, “sogea hapa.”

Bibi yako akasogea. Walikaa wameshikana mikono mpaka adhana ya alasiri. Bibi Kulusum akaenda kuswali na bibi yako akamngojea palepale, asiguse hata kikombe, mpaka aliporudi. Ndipo wakala pamoja ile pilau, imeshapoa. Sowedi alitumiminia maji ya kunawa yeye mwenyewe, na tulipokuwa tunaondoka aliniita dada tena. Sauti ilikuwa na haya kidogo, lakini aliniita.

Dua ilisomwa mwanzo wa mwezi huu, ndiyo maana tulichelewa kupanda. Majirani wa Kakiika walijaa uani. Kutoka Nakivale tulikwenda akina mama kadhaa wa kanisa letu, tumejifunika vichwa, tukakaa kwenye mikeka upande wa wanawake. Nilikuwa na wasiwasi kwamba tutaonekana wageni. Ruqayah alikuja akakaa katikati yetu, akawa ananinong'oneza kinachosemwa. Sheikhe alipouliza jina la marehemu, Bibi Kulusum alijibu mwenyewe kwa sauti: “Ridhiwan bin Isma.” Kisha akaongeza, “Na mdogo wake, Yakobo.”

Sheikhe alisita, maana alishaambiwa Yakobo alikuwa Mkristo. Ni mtu wa busara. Akasema, “Ridhiwan tutamwombea. Na Yakobo tutamshukuru mbele ya watu wote.” Akafanya hivyo. Alisimulia kile kijiti, na lile “kule” la Ridhiwan. Niliona wanaume wazima wanajifuta macho kwa kanzu zao. Baada ya chakula, bibi yako aliomba ruhusa aimbe ubeti mmoja wa wimbo wetu wa maziko, akaruhusiwa, tukamsaidia kuitikia. Hakuna aliyeondoka.

Tangu siku hiyo Bibi Kulusum anaswali na kuinua mikono bila kusita, Ruqayah ndiye aliyeniambia. Anapiga simu karibu kila siku. Anataka kujua kama bibi yako amekula, na bibi yako anamwuliza kuhusu meno. Amani ikirudi kule kwetu, Ruqayah na mimi tumekubaliana twende Lemera tukalione lile kaburi. Sijui kama tutaliona. Tutakwenda.

Sasa, mwanangu, kuhusu jina. Ulitaka kuleta la ukoo. Nimemuuliza bibi yako mara nyingi kama babu yako aliwahi kutaja hata kijiji, hata jina la mama yake. Hakuna. Kabla ya Dawson kulikuwa na Petiti tu, na Petiti ni jina wanalopewa watoto wote wadogo kwenye vituo vya malori. Mzungu wa barabara hakumpa babu yako kitu. Hakumjua hata kwa sura. Jina hili alipewa na kijana mwenzake, mbele ya askari wenye bunduki, ambaye angeweza kusema “simjui huyu” akaendelea na safari yake. Hilo ndilo nililotaka ulijue. Mimi sikuandikii kukukataza. Constance ni mwanao, nawe una akili zako. Ukiliondoa sitanuna, wala bibi yako hatanuna. Ila uliondoe ukiwa unajua unaondoa nini.

Na yule bibi wa Kizungu, msalimie sana. Muulize kama kwao kulikuwa na mwanamume aliyekwenda kutengeneza barabara Uganda na akawa na mpishi anayeitwa Isma. Kama yupo, mwambie barabara bado inapitika na watoto wa mpishi wapo. Kama hayupo, mpe salamu zetu vilevile. Amefika umri wa kutafuta watu wake, na sasa naelewa hiyo kazi inavyochosha.

Mpokee Cyiza vizuri. Ni mwanamke mwenye haya, hataomba kitu, kwa hiyo mwonyeshe wewe mahali pa kununua unga. Amekubebea kitenge kutoka duka la Ruqayah, ni zawadi yake, alikataa nikilipie.

Mume wako mwambie shangazi anamshukuru kwa kukuacha ulale Jumapili. Constance mbusu kwenye paji la uso kwa ajili yangu na kwa ajili ya bibi yake mkubwa. Majirani wote wa hapa wanakusalimia, na kwaya ya akina mama inakukumbuka kwenye sauti ya pili, ambayo tangu uondoke imekosa mtu. Ruqayah na Sowedi wanakusalimia, ingawa hamjaonana. Bwana akulinde kazini na njiani, akunyooshee mgongo wako, na siku moja atukutanishe mezani tukiwa wengi.

Nilikuwa nimefika hapa wakati Bibi Kulusum alipopiga simu. Bibi yako akamwambia kwamba nakuandikia. Akaniomba niweke na maneno yake, na nisiyabadilishe. Haya hapa: “Mwambie Olga mimi ni bibi yake. Si bibi wa kuazima.”

Ni mimi shangazi yako, ninayekupenda siku zote,

Nabintu Dawson